Mwizi Ndiye Pekee Aliyenijibu

Zombo, Jumapili

Mwanangu Perisi,

Mambo ya nauli, ya kulibana begi katikati ya miguu, ya kutopokea soda kwa mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukwambia. Nilimsikia akiyarudia huku mnakunja nguo. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninakuandikia kwa sababu kuzungumza kumetushinda. Tangu ulipotuletea ile karatasi ya hoteli ya Uarabuni, kila nikifungua mdomo tunaishia palepale: "Baba, mimi siyo wewe." Hulisemi kwa ukali. Ungelisema kwa ukali ningepata pa kushika.

Na ni kweli, wewe siyo mimi. Umesoma kuliko mimi. Kiingereza unakijua, na ile kompyuta ya gesti unakofanya kazi unaiandikia bila kutazama vidole. Basi sitakuambia kwamba tunafanana. Nitakusimulia tu yaliyonipata, maana nimekuja kugundua kwamba sijawahi kukusimulia. Uliyasikia kisimani na sokoni, kwa watu waliokuwa wakinyamaza ukipita. Kwangu hukuyasikia. Na kuna sehemu moja ambayo haijui mtu, hata mama yako.

Unaikumbuka mashine ya kusaga. Ilikuwa ya ushirika, nami ndiye niliyekuwa mwendeshaji wake tangu ningali kijana. Kipuri kikiharibika niliandika barua wilayani Kilosa, nikangoja, na mwishowe kipuri kilikuja. Wakati mwingine hakikuwa chenyewe, nikakitia tupa mpaka kikakaa. Ushirika ulipokufa, likaingia soko huria, tukaambiwa: mashine ni yenu sasa, jitegemeeni. Tulishangilia siku ile. Hatukujua kwamba hatutakuwa tena na wa kumwandikia. Dar es Salaam ilijaa vitu vya kila aina, lakini vya injini yetu havikuwamo, maana ilikuwa ya zamani, ya Kiingereza, na kila mwenye duka alitaka tuitupe tununue mpya.

Kranki, kile chuma kinachozungusha injini, ilipokatika, mama yako na wenzake wakarudi kwenye kinu. Wewe ulikuwa unajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Ukitoka shuleni unaupokea mchi, na vitabu unavifungua giza likiwa limeshaingia. Tukaitisha mkutano. Watu walichanga gunia, mbuzi, walichokuwa nacho. Mzee Masanja, ambaye wengi walikuwa bado wanamwita mgeni kwa kuwa alikuja na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alisimama akasema, "Mimi natoa dume. Mke wangu anatwanga mpaka mikono inavimba. Elieza anaijua injini, yeye ndiye aitafute." Wakapiga makofi. Makofi yale, Perisi, mpaka leo nikiwa peke yangu shambani huwa nayasikia.

Nikaenda Mikumi kwa Bi Leokadia. Unamjua, yule aliyekuwa mpiga chapa kule kwenye miwa, Ruhembe, mpaka walipopunguza wafanyakazi. Kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta tatu, akafungua chumba cha intaneti karibu na barabara kuu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye kompyuta kuna mahali watu wa Ulaya wanauza vitu vya zamani. Akanifungulia.

"Ni mnada, Mzee Elieza," akaniambia, "kama huu wetu wa ng'ombe. Tofauti ni kwamba hapa huwezi kumfunua ng'ombe mdomo ukatazama meno."

Tulitafuta mpaka macho yakauma, halafu ikatokea. Injini ileile, Perisi, rangi ileile ya kijani, imewekwa kwenye banda la mkulima huko Uingereza, na pembeni kranki ya akiba imefungwa kwa gunia. Niliigusa pale kwenye kioo. Bi Leokadia akanifungulia anwani ya barua pepe kwa jina langu, tukataja bei yetu. Mtu mwingine akapanda, nasi tukapanda. Nilikwenda Mikumi kwa baiskeli karibu kila siku kuangalia tumefikia wapi. Siku ya mwisho likaja neno kwenye kioo, Bi Leokadia akanisomea: "Hongera, Elieza! Umeshinda!"

Mimi sijawahi kushinda kitu maishani mwangu. Shuleni sikushinda, na hata bahati nasibu ya kanisani, ambayo mama yako alipata sufuria, mimi niliondoka mikono mitupu. Nilirudi Zombo nikiimba njia nzima, na watu waliponiona hivyo wakajua wenyewe.

Yule muuzaji akaandika. Alijiita Piter, jina moja tu, kama rafiki. Akasema kampuni yenye mnada inakula sana katikati, hivyo tukimalizana wenyewe kwa wenyewe atapunguza bei, na usafirishaji atausimamia yeye. Bi Leokadia hakupenda. "Mnada una taratibu zake, Mzee. Ukitoka nje ya uzio, hakuna atakayekujua." Lakini fikiria mwenyewe. Mkulima wa Zombo, ambaye kila mwaka mlanguzi anamchotea mahindi yake kwa debe la kujaza mpaka juu, umwambie njoo tumkwepe dalali! Ulikuwa umeshampata.

Nikaenda Morogoro kutuma fedha. Dirishani alikuwapo dada mmoja, mdogo tu, labda umri wako wa sasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani baba, huyu unayemtumia unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Mmewahi kuonana?"

"Ni rafiki yangu wa siku nyingi," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akagonga muhuri. Yule binti alikuwa amenifungulia mlango nitoke, mimi nikaurudishia kwa mkono wangu. Kwa nini nilimdanganya mtu aliyetaka kunisaidia? Nimejiuliza sana. Nadhani nilihisi ananiona mshamba. Niliona afadhali anione mwongo.

Mama yako, niliporudi, aliuliza swali moja tu. "Ulimwona uso?"

"Niliona picha ya injini."

Aliuinua mchi. Akaendelea kutwanga.

Sasa nafika kwenye ile sehemu.

Matokeo yako yalikuja, ukachaguliwa kidato cha tano. Wiki zile zile Piter akaandika kwamba mzigo umefika bandarini lakini umezuiwa, panahitajika fedha nyingine ya kuukomboa. Wewe uliambiwa, na mama yako aliambiwa, kwamba fedha yako ya shule ilikwenda pamoja na ile ya mwanzo, kabla hatujajua lolote. Ulilia siku moja tu, halafu ukaniambia, "Basi baba, na wewe uliibiwa." Ukaenda kutandika vitanda vya wasafiri Mikumi.

Haikuwa hivyo. Fedha yako ilikuwa bado ipo. Ilikuwa ni yule mtamba mwekundu wa ada yako, aliyekuwa zizini kwa Masanja. Nilimuuza baada ya barua ile ya bandari, na nilipomuuza nilikuwa nimeshajua.

Nilijua, mwanangu. Bi Leokadia alikuwa ameandika kwa wenye mnada kuuliza, na majibu yao yaliyumbayumba, lakini moyoni sikuhitaji majibu yao. Barua za Piter zilikuwa zimebadilika. Mwanzo aliuliza hali ya mvua, akauliza watoto. Sasa aliandika haraka, haraka, nafasi itapita. Nilimkalisha Bi Leokadia anisomee mara mbili, nikatoka nje, nikasimama pembeni ya barabara malori yakipita, na nikajua kabisa kwamba hakuna injini. Halafu nikaenda kuuza mtamba.

Nikueleze kwa nini, kama maelezo yapo. Nikikataa kutuma, basi siku ile ile nimeibiwa, na inabidi nisimame mbele ya watu niseme. Nikituma, bado ninasubiri mzigo. Nilinunua kusubiri, Perisi. Nililipa kwa shule yako. Mwezi mmoja na kitu wa watu kunisalimia vizuri.

Kisha Piter akaacha kuandika.

Nilipoamua hatimaye kwenda polisi Kilosa, askari alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza hii kesi ni ya wapi, ya Kilosa au ya Uingereza. Nikasema sijui. Akasema, "Mzee, basi lete hizo barua zake zikiwa zimechapwa, tuanzie hapo." Nikarudi Mikumi. Tulipofungua anwani yangu, ikakataa. Imefungwa kwa usalama wangu, ndivyo ilivyosema. Ikataka neno la siri. Tukalitaja, ikakataa. Basi jibu swali: mnyama wako wa kwanza anaitwaje? Mimi mbuzi wangu sijawapa majina. Bi Leokadia ndiye aliyejaza siku ile, akaandika chochote kilichomjia, naye hakumbuki. Tukajaribu majina ya mbwa wote wa Mikumi. Ikasema tumekosea mno, turudi siku nyingine. Tukirudi, hivyo hivyo.

Tuliwaandikia wenye barua pepe, kampuni kubwa ambayo nusu ya dunia inapitisha barua zake kwao. Jibu likaja dakika ile ile, tukafurahi. Kumbe ni mashine. Chini imeandikwa: usijibu ujumbe huu. Tukaandika tena, jibu lile lile, hata nukta haikuhama. Wenye mnada nao mwishowe wakatamka: tunasikitika, malipo yalifanywa nje ya utaratibu wetu. Hakuna jina la mtu chini yake. Nilimwuliza Bi Leokadia, hawa watu wana ofisi? Nikauze baiskeli, niende, nisimame mlangoni mpaka mtu atoke? Akasema ofisi wanazo, ila sisi hatuna mlango wake.

Halafu kompyuta zake nazo zikageuka. Akisubiri mteja, kioo kinakuwa cheusi, yanatokea maandishi kwamba programu iliyomo siyo halali, ameuziwa nakala ya wizi. Mama wa watu alinunua dukani Dar es Salaam kwa risiti! Duka lenyewe limeshageuka saluni. Bei ya kuinunua programu halali kwa kompyuta tatu ilizidi chumba na vilivyomo. "Wana haki yao, Mzee," aliniambia, amekaa kwenye kiti cha wateja. "Ni mali yao. Lakini mimi nimweleze nani?" Akafunga mlango miezi mingi. Nilijiona nimempelekea mkosi.

Katika watu wote hao, Perisi, mwizi ndiye pekee aliyenijibu kama mtu. Aliniita rafiki, akanijibu kila barua, akaniuliza mvua. Waliokuwa na haki hawakuwa na mdomo. Ndiyo maana nilimshikilia.

Nikaitisha mkutano, nikasema. Nilisema yote isipokuwa mtamba. Wengine walitukana, na nilishukuru, maana tusi lina mwisho. Masanja hakutukana. Kesho yake alipita hapa akanisalimia, akauliza mahindi yanaendeleaje na jua hili, akaenda zake. Na amenisalimia hivyo hivyo mpaka leo. Mama yako hajawahi kunilaumu kwa kinywa. Usiku ule wa mkutano aliniwekea chakula, akakaa nami mpaka nikala.

Sasa nije kwako.

Ulipoleta ile karatasi na kutusomea kwa Kiswahili, mama yako alipiga kigelegele. Mimi nilisikia neno la kwanza tu, "Hongera", na masikio yakaziba. Nikauliza kama kuna mtu umezungumza naye. Ukasema mnaandikiana. Nikauliza ada ya nini, na pasipoti kwa nini wakae nayo wao. Hapo ndipo uliponiambia wewe siyo mimi.

Jumanne nilikuaga nakwenda kutazama bei ya mbolea. Nilikwenda kwa Bi Leokadia, ambaye sasa amefufua kompyuta moja. Nilikuwa nimenakili anwani ya wale mawakala wa Dar es Salaam wanaokupeleka Uarabuni kutoka kwenye karatasi yako, nikiwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia awaandikie maombi ya kazi ya mapokezi, kama yako. Jina, nikampa la marehemu mama yangu, bibi yako Damari, ambaye amelala pale kanisani tangu kabla hujazaliwa. Bi Leokadia akaandika kama nilivyomtajia: mwombaji alizaliwa enzi za Mjerumani, hajui kusoma, macho yote mawili hayaoni.

Chai niliyoletewa na mama lishe ilikuwa haijapoa. Jibu likaingia.

"Hongera, Damari! Uzoefu wako umewavutia sana waajiri wetu. Nafasi zilizobaki ni chache. Fika na ada yako na pasipoti."

Tulicheka, Mungu anisamehe. Tulicheka mpaka mama lishe akachungulia. Kisha Bi Leokadia akaacha ghafla, akachapa ile karatasi, akanipa. "Mzee, mwambie mtoto leo."

Nilirudi nikiwa nimeishika. Nikakukuta uani unapiga pasi blauzi nyeupe, mkaa umekolea, unaimba. Hukunipa nafasi. Ukasema, "Baba, mshahara wangu wa kwanza sili hata senti. Nawalipa watu wote wa ile injini. Na Mzee Masanja namrudishia dume lake. Halafu na wewe utatembea kichwa juu."

Nikaikunja karatasi nikaingia ndani. Mwanangu, ningesemaje? Nilikuwa sijajua kwamba unakwenda kwa ajili yangu. Nilidhani unaikimbia Zombo, na hilo ningelielewa. Kumbe umebeba aibu yangu kwenye begi lako, unaipeleka kwa watu wasio na uso ili irudi imekuwa heshima. Tangu Jumanne sijalala. Nimekaa nawe mezani mara ngapi, nikisema nitamwambia akimaliza ugali, nitamwambia akishanawa. Woga ule ule wa dirishani Morogoro. Nimezeeka nao.

Karatasi ya bibi yako nimeiweka ndani ya barua hii. Itazame na yako. Linganisha mstari kwa mstari, wewe unajua Kiingereza.

Labda utaniambia kwamba wamekosea kwa Damari lakini kwako ni kweli. Nitakuelewa ukisema hivyo. Mimi niliyasema ya namna hiyo pembeni ya barabara, malori yakipita. Labda pia mimi ndiye niliyekosea, nimeungua kwa moto na sasa naogopa hata jivu. Siwezi kuapa. Fedha umeipata kwa kutandika vitanda, ni yako, nami nimeshakula ya kwako mara moja. Baba aliyekula shule ya mtoto wake hana mdomo wa kumwambia kaa.

Perisi, usiende. Nimeliandika, nikalikata kwa kalamu, na sasa nimeliandika tena. Usiende.

Deni la injini ni langu, na watu wa Zombo wananijua ninapolala. Masanja sijamlipa dume, lakini tumekubaliana nimlimie. Nimeanza mwaka huu, na hukujua kwa sababu sikutaka uone baba yako akilima shamba la mtu. Nalima, na sijafa. Hiyo nayo ni njia, ingawa ni ndefu. Huna kitu cha kuninunulia huko uendako. Lile la mtamba kama hutaweza kunisamehe, usinisamehe, lakini nichukie ukiwa Mikumi, ukiwa Kilosa, mahali ambapo nikikutafuta nitakuona.

Nikikumbuka yote yale, sijutii sana siku niliyodanganywa. Najutia ile nafasi ya kati, nilipokuwa nimeshajua na miguu ikaendelea kutembea kwa sababu watu walikuwa wameshapiga makofi. Kesho hapa kijijini watakupigia makofi. Mama mchungaji anakuja kukuombea. Masanja amesema atakuja. Wote watakuwa pale pikapu ya kutupeleka Mikumi ikiondoka. Usipande basi kwa ajili yao, na usipande kwa ajili ya kigelegele cha mama yako. Yeye nitamweleza mimi, yote, na ya mtamba pia. Nimeshaamua.

Barua hii nitakupa tukishakaa nyuma ya pikapu, Zombo ikiwa imeshabaki nyuma na hakuna anayetutazama. Soma taratibu. Mimi nitatazama kule porini, sitakuuliza umefika wapi. Stendi ya Mikumi nitakubebea begi mpaka mlangoni mwa basi. Ukipanda, nitakupungia mkono kama baba yeyote. Halafu sitarudi nyumbani. Nitakaa palepale barabarani kwa Bi Leokadia nikitazama mabasi yanayotoka Dar es Salaam, kesho, na kesho kutwa, na wiki hiyo yote, kwa sababu mtu anaweza kujua akiwa Morogoro, au akiwa mlangoni mwa hao mawakala na ada mkononi. Popote utakapojua, geuka. Nauli ya kurudi kama huna, panda hivyo hivyo, mwambie kondakta baba yako yuko Mikumi atalipa.

Na ukishuka, hutakuwa na haja ya kuniamkia wala kunieleza. Nitapokea begi, twende.

Ni mimi baba yako,
Elieza